Haki ya Shilingi 40,000

Yako madai ambayo hayatangazwi na magazeti. Fundi wa cherehani ameshona sare za shule, mwenye shule amezipokea na watoto wamezivaa, kisha fundi anazungushwa muhula baada ya muhula. Deni lake ni shilingi 40,000. Mpangaji amehama chumba na kukiacha safi, na mwenye nyumba ameikalia amana aliyoitoa siku ya kuingia. Muuza mboga amevunjiwa kibanda na gari, na mwenye gari hapokei simu. Hakuna hata mmoja wa hawa atakayesindikizwa mahakamani na wapiga picha. Hata hivyo, ni katika meza ya karani, na mbele ya hakimu wa ngazi ya chini, ambapo mwananchi hupima kama Katiba aliyoipigia kura mwaka 2010 ni yake au ni ya wakubwa peke yao.

Katika harakati za mageuzi tumezoea kuutetea uhuru wa mahakama kwa kuwatazama majaji. Tulikuwa na sababu: mwaka 1988 Bunge la chama kimoja liliwaondolea majaji kinga ya kudumu kazini, na kinga hiyo haikurudishwa hadi mwaka 1990. Lakini ipo hatua nyingine, iliyotangulia hiyo, ambayo haitajwi sana. Mwaka 1981 sheria ilirekebishwa, na mahakama za mahakimu zikapokonywa mizozo mingi ya mashamba: mpaka unapita wapi, nani alime, nani ameingia katika shamba la mwenzake. Mizozo hiyo ilikabidhiwa majopo ya wazee, na mwenyekiti wa jopo akawa Mkuu wa Tarafa au mtu aliyeteuliwa na Mkuu wa Wilaya. Juu ya wazee hatuna neno. Neno letu ni juu ya kiti cha mwenyekiti. Utawala uleule uliotoa na kunyima vibali vya mikutano, uliowaamuru machifu, ndio uliokaa kuamua mpaka wa shamba. Mkulima aliyenuniwa na serikali alijua hukumu yake kabla hajafika barazani.

Sheria ya Mabaraza ya Mizozo ya Ardhi ya mwaka 1990 ilibadilisha sura tu. Mwenyekiti sasa alitoka miongoni mwa wazee, lakini aliyemteua alikuwa ni yuleyule Mkuu wa Wilaya. Tena mabaraza hayo hayakupewa uwezo wa kuamua juu ya hatimiliki ya ardhi iliyosajiliwa, na bado mengi yalifanya hivyo. Basi mtu alishinda mbele ya wazee, uamuzi ukapelekwa kwa hakimu ukasajiliwa kuwa hukumu, kisha Mahakama Kuu ikaufuta kwa sababu baraza lilikuwa limevuka mipaka ya uwezo wake. Wenye fedha za kwenda Mahakama Kuu walinufaika. Wasio nazo walibaki na hukumu mbovu. Mabaraza hayo yaliondolewa na Sheria ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya mwaka 2011.

Hatuyasemi haya kwa kuwadharau wazee. Kifungu cha 159 cha Katiba kinaziagiza mahakama kuukuza upatanisho, usuluhishi na njia za jadi za kumaliza mizozo, na wengi wetu tumeshuhudia majirani wakipatanishwa chini ya mti, au na wazee wa kanisa, kwa namna ambayo hakimu asingeweza. Ila kifungu hichohicho kinakataza njia za jadi zinazovunja Sheria ya Haki. Mjane anayeambiwa na ukoo kwamba shamba la marehemu mumewe si lake hajapatanishwa na mtu. Amefukuzwa kwa adabu. Ana haki ya kutoka hapo na kwenda mahakamani, na asiitwe mkaidi.

Kwa madai ya fedha ya kila siku, hatua iliyo kubwa kuliko zote katika miaka ya karibuni ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, ikalala miaka mitano, na mahakama ya kwanza ikafunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000: bidhaa au huduma zilizouzwa, fedha zilizoshikiliwa na mtu, mali iliyoharibiwa, na fidia ya majeraha. Haisikilizi kesi za umiliki wa ardhi, wala za kuchafuliwa jina, wala za ajira. Mdai aweza kusimama mwenyewe bila wakili. Kanuni kali za ushahidi zimelegezwa, ili mtu aeleze jambo lake kama lilivyotukia na kuonyesha alicho nacho: stakabadhi, daftari la mikopo, ujumbe wa simu. Kesi yatakiwa iamuliwe katika muda wa siku 60 tangu ilipowasilishwa. Sisi mawakili, ambao tumezoea majalada yanayozeeka pamoja na wenyewe, twakiona kipimo hicho kuwa cha ajabu, na chema.

Lakini hapo hapo pamezuka mtego. Je, hukumu ikitolewa siku ya 61 au ya 90, ni hukumu au si hukumu? Mwaka 2023 majaji wa Mahakama Kuu walitofautiana. Wengine walisema kwamba siku 60 zikipita mwamuzi hana tena uwezo, na anachoandika baadaye ni batili. Wengine walisema kwamba sheria haikutaja adhabu hiyo, na kuchelewa hakufuti haki. Sisi tunasimama na hawa wa pili. Muda huu uliwekwa kwa faida ya yule anayedai. Hakimu akizidiwa na kazi, au mdaiwa akiomba kuahirishiwa mara mbili tatu, kosa si la fundi wa cherehani. Kumwambia kwamba ameshinda, kisha kumwambia kwamba ushindi wake umefutika kwa sababu mahakama ilichelewa, ni kuigeuza ngao yake kuwa panga mkononi mwa mdeni. Tena mdeni mjanja akishajua hivyo, kazi yake itakuwa moja tu: kuvuta siku. Bunge laweza kulimaliza jambo hili kwa sentensi moja ya marekebisho, na tunawataka Wabunge waiandike.

Liko na suala la kuitekeleza hukumu. Aliyeshinda akitoka mahakamani na karatasi mkononi hajalipwa. Mdaiwa asipotoa fedha kwa hiari, mshindi arudi kuomba amri, kisha amtafute dalali wa mahakama, ambaye naye ana gharama zake. Katika deni dogo gharama hizo hula sehemu nzuri ya kilichopatikana. Kwa upande mwingine, mwananchi anayedaiwa ajue kwamba dalali hana ruhusa ya kubeba kila kitu: sheria inazikinga nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na jamaa yake, pamoja na vifaa vya kazi vya fundi. Tunalisisitiza hili kwa sababu mahakama ya haraka ni ya haraka kwa pande zote mbili. Mkopeshaji tajiri naye aweza kuitumia, na maskini anayepuuza samansi, akidhani ni karatasi tu, huhukumiwa bila kusikilizwa.

Upuuzi huohuo wa karatasi huwaponza wapangaji wa maduka. Chini ya Sura ya 301 ya sheria zetu, mpangaji wa duka au hoteli ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5, analindwa. Mwenye jengo hawezi kumwondoa wala kumwongezea kodi kwa neno la mdomo. Sharti atoe ilani katika fomu iliyowekwa, ya muda usiopungua miezi 2. Mpangaji asiyekubali hupeleka pingamizi lake kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya siku ya ilani kutimia. Akinyamaza, ilani hutimia kama ilivyoandikwa. Tazama basi jinsi haki nzima inavyoning'inia kwenye tarehe moja, juu ya fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza, mkononi mwa mtu ambaye huenda alisoma hadi darasa la saba.

Na kwa kuwa tumeitaja lugha, tuseme wazi. Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini. Kwa hiyo hakuna amri mpya inayohitajika ili samansi, ilani na fomu za madai madogo zichapishwe kwa Kiswahili, na hukumu isomwe kwa lugha ambayo mshindi na mshindwa wataielewa wote wawili. Kinachohitajika ni uamuzi wa watu wa ofisini. Tunamwomba kila msomaji wetu aliye karibu na kituo cha mahakama aende kwenye meza ya karani juma lijalo, aombe fomu ya madai kwa Kiswahili, na atuandikie alijibiwa nini. Majibu hayo tutayapeleka kwa Jaji Mkuu pamoja na majina ya vituo.