Acheni Kupima Bendi kwa Kibaba cha Jirani

Kuna sentensi moja nimeichoka. Nimeisikia kazini, nimeisikia kwenye basi, nimeisikia kwenye nyama choma za watu hapa Ontario. Sentensi yenyewe ni hii: "Wangekuwa wazuri kweli, Wamarekani wangewajua."

Mara ya mwisho ilikuwa ghalani ninakofanya kazi, saa ya chakula. Wazee wawili, mmoja kavaa fulana ya Rush, mwingine ni The Tragically Hip damu damu, walikuwa wanabishana ni bendi ipi kubwa zaidi katika historia ya Kanada. Ubishi ulikuwa mtamu, wa Simba na Yanga kabisa. Wa Hip alikuwa anashinda. Alitaja albamu, akataja nyimbo, akaeleza kwa nini wimbo fulani humtoa machozi hadi leo. Mwenzake alipoona maji yamemfika shingoni, akatoa hiyo sentensi. Basi, ubishi ukaisha. Wa Hip akafunika bakuli lake la chakula, akanyamaza kama mtoto aliyekamatwa anadanganya.

Hicho kimya ndicho kilichoniudhi. Mtu ametetea kitu anachokipenda nusu saa nzima, kwa hoja juu ya hoja, halafu anasalimu amri mbele ya sentensi isiyo na hoja hata moja.

Mimi si mzaliwa wa Kanada. Nilikuja na Celine Dion na Bryan Adams kichwani, maana redio zetu za usiku ziliwapiga mpaka wengi wetu tukadhani ni Wamarekani. The Tragically Hip nilikuwa sijawahi kuwasikia. Kwa hiyo mimi nilikuwa mmoja wa hao "wasiowajua". Na ninasema hivi: kutojua kwangu hakukuwa ushahidi wa chochote. Kulikuwa kutojua tu.

Tuanze na hao Hip. Ni vijana wa Kingston, Ontario, walioanza mwaka 1984. Kwao walijaza viwanja. Marekani, ukiacha miji ya mpakani kama Buffalo na Detroit, walipiga kwenye kumbi za kawaida. Mwaka 2016 mwimbaji wao, Gord Downie, alitangaza kwamba ana saratani ya ubongo isiyo na tiba, kisha bendi ikaingia barabarani kuaga. Onyesho la mwisho lilikuwa Kingston, tarehe 20 Agosti 2016. Televisheni ya taifa, CBC, ililirusha moja kwa moja, na watu kama milioni 11.7 walitazama, yote au sehemu yake, katika nchi ya watu milioni 36 hivi. Karibu mtu mmoja kwa kila watatu! Hebu nitajie mshairi mwingine aliyesikilizwa na theluthi ya taifa lake usiku mmoja. Halafu uniambie bado tunasubiri cheti kutoka kwa jirani.

Na mshairi ninasema kwa makusudi. Sikiliza "Wheat Kings", ulio katika albamu ya mwaka 1992, *Fully Completely*. Nyuma ya wimbo huo kuna kisa cha David Milgaard, aliyekuwa kijana wa miaka 16 mauaji yalipotokea Saskatoon mwaka 1969. Alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa ambalo hakulitenda, akakaa ndani miaka 23. Vipimo vya DNA vilikuja kumsafisha mwaka 1997. Downie angeweza kuandika wimbo wa kupiga kelele, jina la mfungwa kwenye kiitikio, ngumi hewani. Hakufanya hivyo. Wimbo unaanza na sauti ya ndege wa ziwani, gitaa linapigwa polepole, jina halitajwi, na aibu inayoimbwa ni ya sisi tuliolala usingizi mtu akiwa ndani. Hiyo ni kazi ya fasihi. Ijadiliwe kama fasihi: je, kutotaja jina kumeupa wimbo nguvu au kumeupunguzia? Hapo tubishane mpaka alfajiri, mimi nipo.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Kama kufanikiwa Marekani ndiyo mizani, basi mizani hiyo tuifuate mpaka mwisho. Nickelback, wanaotoka mji mdogo wa Hanna, Alberta, walishika namba moja Marekani kwa "How You Remind Me" mwaka 2001 na wameuza mamilioni ya albamu duniani. Kwa hesabu hiyo Nickelback wako juu ya Hip, tena mbali sana. Je, mzee wa fulana ya Rush anakubali? Wapi! Ukimtajia Nickelback anacheka mpaka anakohoa. Eti hao "wamejiuza".

Mnaona mtego? Asiyefanikiwa Marekani, hafai. Aliyefanikiwa Marekani, kajiuza. Msanii wa Kanada afanye nini sasa, azaliwe upya? Kipimo kinachotoa jibu lolote unalolitaka si kipimo, ni rungu. Unaliokota ubishi unapokushinda.

Na hata hao mabwana wakubwa wa muziki kule Marekani, macho yao si ya kutegemewa hivyo. Leonard Cohen wa Montreal alikuwa tayari mshairi na mwandishi wa riwaya kabla hajawa mwimbaji. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka mwaka 1956. Mwaka 1984 aliwapelekea kampuni yake ya kurekodi albamu *Various Positions*. Wakubwa wa Columbia wakakataa kuitoa Marekani. Ndani ya albamu hiyo kulikuwa na "Hallelujah", wimbo ambao leo huimbwa harusini, misibani na kwenye kila shindano la vipaji. Mwaka ule, kwa sentensi ya mzee wetu, "Hallelujah" ulikuwa wimbo usiofaa. Ulikuwa wimbo uleule, neno kwa neno.

Rush nao wanatukanwa wanaposifiwa kwa mauzo. Baada ya albamu yao ya mwaka 1975 kuuza vibaya, kampuni iliwataka watunge nyimbo fupi za redio. Wao wakarudi mwaka 1976 na *2112*, upande mzima wa sahani ukiwa kisa kimoja cha dakika 20, maneno yameandikwa na mpiga drama wao, Neil Peart. Ukubwa wa Rush uko hapo, katika kukataa kupimwa kwa kibaba cha mwingine. Shabiki wa Rush anayetumia kibaba hichohicho kuwapiga Hip hajaielewa bendi iliyochapwa kifuani kwake.

Najua kuna hoja upande wa pili, na moja ni ya haki. Wapo wanaosema Wakanada wanapenda vyao kwa sababu serikali imewalisha. Tangu mwaka 1971 redio zimelazimishwa kupiga asilimia 30 ya muziki wa nyumbani, na mwaka 1999 ikawa 35. Uraia wa wimbo hupimwa kwa alama nne: muziki, msanii, mahali pa kurekodia au kupigia, na maneno, lazima upate angalau mbili. Kanuni hiyo ilishaleta kichekesho: albamu ya Bryan Adams ya mwaka 1991, *Waking Up the Neighbours*, haikuhesabika kuwa ya Kanada, kwa sababu alitunga nyimbo zake pamoja na Mutt Lange, mzaliwa wa Zambia. Bryan Adams huyohuyo aliyezaliwa Kingston, mji uleule wa Hip!

Nakubali pia kwamba kutaja mji wa nyumbani ndani ya wimbo si ushairi. Orodha ya vituo vya basi nayo hutaja miji. Lakini kanuni ya redio humpa mtu nafasi ya kusikika. Haiwezi kumlazimisha mtu alie. Theluthi ya nchi haikukaa mbele ya televisheni usiku ule kwa amri ya sheria.

Ninachokiogopa hasa ni wale ambao kipimo hiki huwafuta kabisa. Jeremy Dutcher huimba kwa Kiwolastoqey, lugha ya watu wa asili wa New Brunswick ambayo wazungumzaji wake wamebaki wachache mno. Albamu yake ya kwanza aliijenga juu ya sauti za wazee wake zilizorekodiwa kwenye mitungi ya nta zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ilishinda tuzo ya Polaris mwaka 2018, tuzo isiyoangalia mauzo, na mwaka 2024 akawa msanii wa kwanza kuishinda mara ya pili. Muulize mzee wetu: Wamarekani wangapi wanamjua? Kisha jiulize swali hilo lina maana gani kwa mtu anayeimba ili lugha ya bibi zake isife.

Hapo ndipo jambo hili linaponigusa mimi Mswahili. Sentensi ileile tunayo kwetu, ila imevaa kanzu nyingine: "Kitabu chake kimetafsiriwa Kiingereza?" Tunamuuliza hivyo mwandishi aliyetuandikia sisi, kwa lugha yetu, na akisema bado, tunafunika bakuli. Muyaka bin Haji alitunga kwa ajili ya watu wa Mombasa, juu ya vita vyao, njaa zao na mapenzi yao. Hakungoja ruhusa ya mji wowote ng'ambo ya bahari, na karibu karne mbili baada ya kufa kwake bado tunamsoma.

Kwa hiyo bishaneni, jamani. Semeni Joni Mitchell anawazidi wote. Mimi nitawaunga mkono siku za Jumapili. Semeni Downie alikuwa na mafumbo mengi kupita kiasi, kwamba Peart alihubiri, kwamba Neil Young hajui kuimba. Hayo yote ni maneno juu ya kazi, na kazi inaweza kujibu.

Yule mzee wa Hip nilimfuata kesho yake. Nikamwambia nimesikiliza "Wheat Kings" mara tatu usiku. Akaniuliza, "Ukaonaje?" Tukachelewa kurudi kazini dakika kumi.