ULIMWENGU WA WANYAMA: Uzao wa Ayala Kumi na Mmoja

Maji yakimwagika hayazoleki, walinena wahenga. Habari za mnyama aitwaye Milu zathibitisha neno hilo, ijapokuwa leo makundi yake ni makubwa.

Milu ni ayala wa nchi ya China. Ayala hufanana na kulungu, ila pembe za dume zina matawi, nazo hupukutika kila mwaka na kuota upya. Padri Mfaransa Armand David aliwaona mwaka 1865 katika bustani ya kuwindia ya mfalme, kusini ya Beijing. Kundi la mwisho lililojulikana nchini humo liliishi ndani ya ukuta huo mmoja.

Mwaka 1895 mto Yongding ulifurika, ukaubomoa ukuta. Ayala wakatawanyika, na wananchi wenye njaa wakawala. Mwaka 1900, wakati wa vita vya Boxer, askari wa mataifa ya kigeni waliwapiga risasi waliosalia, wakawafanya kitoweo.

Kwa bahati, wachache walikuwa wamekwisha kupelekwa Ulaya. Kabaila wa Kiingereza, Duke wa Bedford, akakusanya 18 katika shamba lake la Woburn. Kati yao 11 tu ndio waliozaa, na Milu wote wa leo ni uzao wao. Mwaka 1985 baadhi walirudishwa Beijing. Mwaka uliofuata 39 wakapelekwa Dafeng. Sasa wamefikia maelfu.

Je, hasara imefidiwa? Idadi imerudi, lakini urithi haukurudi. Kila mnyama hubeba chembe za urithi za wazazi wake. Afapo bila kuzaa, zilizo zake peke yake hupotea, pengine pamoja na kinga ya maradhi. Mama afugaye kuku aelewa: jogoo akipanda binti zake mwaka hata mwaka, vifaranga hudhoofu, ndipo huazima jogoo kwa jirani. Milu hawana jirani wa kuwaazima.

Kwa hiyo wataalamu huwaweka mahali mbalimbali, ili gharika au tauni moja isiwamalize wote, na huchunguza nasaba zao.

Basi ulinzi wa mnyama huanza angali mwingi. Mlinzi amkamataye jangili leo huokoa pia urithi ambao hakuna fedha wala elimu iwezayo kuurejesha.