Mafua ya Msimu: Si Kila Chupa ni Dawa

Kila mwaka mvua za masika zinapoishia, nyasi za mbuga na za kando ya mashamba katika wilaya za Tarime na Serengeti huwa zimekwisha chanua. Kisha huingia kiangazi pamoja na vumbi la barabarani, makapi ya ulezi na mtama unaopurwa, na moshi wa nyasi zinazochomwa. Ndipo baadhi ya watu huanza kupiga chafya mfululizo, kamasi jepesi likiwatiririka na macho yakiwawasha. Homa hawana, lakini wiki hupita bila kupona. Wapo wanaodhani ni malaria, wapo wanaodai mtu amerogwa, na wapo wanaokimbilia dawa za kuua bakteria, ambazo hapo hazina kazi.

Maradhi haya ni mzio. Mwili huipokea chavua, yaani ule unga wa maua unaopeperushwa na upepo, kana kwamba ni adui. Jambo hili si geni katika elimu ya Waislamu. Tabibu Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika risala juu ya mafua yaliyompata Abu Zayd al-Balkhi kila majira ya machipuko aliponusa waridi. Karne nyingi baadaye, huko Uingereza, John Bostock aliyaeleza maradhi haya mwaka 1819, na mwaka 1873 Charles Blackley akaonyesha kuwa chanzo chake ni chavua. Wote hao walitafuta sababu kwanza.

Sisi tumeugeuza utaratibu huo. Tunatanguliza chupa. Minadani, na hata nje ya misikiti, huuzwa dawa ziitwazo za asili au za Kisunna, na chupa moja hudaiwa kutibu mafua, pumu, kisukari na vidonda vya tumbo. Tumekwisha sahau ya mwaka 2011, pale maelfu walipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na baadhi yao wakaacha dawa za hospitali?

Tiba ya asili iliyo na ushahidi haina mfanyabiashara. Chemsha nusu lita ya maji, yaache yapoe, tia kijiko kimoja kidogo cha chumvi, kisha safisha pua asubuhi na jioni. Anayetawadha amekwisha zoea kupandisha maji puani. Hapa tofauti ni chumvi, na sharti la kuchemsha ili kuepuka vimelea. Funika pua na mdomo kwa kitambaa unapofyeka au kupura nafaka. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Oga na ubadili nguo utokapo shambani, wala usianike shuka nje siku za upepo na vumbi. Punguza moshi jikoni.

Ama asali, utafiti uliofanyika Connecticut, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2002 haukuona kuwa inashinda sharubati ya kawaida katika kutuliza mzio huu. Habbat sauda ina tafiti chache ndogo zilizoonyesha unafuu kiasi. Kusema hivyo hakuishushi asali hadhi yake. Kinachoishusha ni kuisingizia kazi ambayo haikuthibiti. Na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani yaweza kumletea sumu ya hatari.

Hatari kubwa zaidi ni pumu, ambayo mara nyingi hufuatana na mzio huu. Mtoto anayekoroma kifuani, anayeamka usiku akikohoa, au ambaye mbavu zake huingia ndani anapovuta pumzi, hahitaji chupa ya mnadani. Apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo. Akichelewa, anaweza kufa.

Kwa hiyo tunawaomba maimamu na walimu wa madrasa walizungumze jambo hili kabla ya kiangazi. Nao ndugu zetu wauza dawa, waandike kwenye chupa kilichomo ndani, waache kuahidi wasilolijua, na wamwambie mwenye kubanwa kifua aende hospitali. Kumficha mgonjwa ukweli ili chupa inunuliwe ni dhulma, hata chupa hiyo ikipambwa kwa maandishi ya Kiarabu.

Wabillahi tawfiq.