Tusiufanye mkono wa mchuaji kuwa hospitali



Nyumba nyingi zetu hazikosi kichupa cha mafuta ya kuchulia. Baba anarudi kazini mgongo umekaza, mama shingo haigeuki kwa kuinamia beseni la nguo, basi anaitwa mtoto: "Njoo unichue." Mimi sina ugomvi na jambo hili. Ugomvi wangu ni pale kuchuliwa kunapochukua nafasi ya daktari.

Kuchua ni tiba kongwe. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameieleza katika kitabu chake cha Al-Qanun, akatofautisha kuchua kwa nguvu na kwa upole, na kuchua kabla ya mazoezi na baada yake. Siku hizi pia haijatupwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, kuchua kumo miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi ya viungo na kumwelimisha mgonjwa. Ile mikanda ya kiuno wanayouziana watu haikupendekezwa.

Lakini tujue kuchua kunafanya nini. Mkono hulegeza misuli iliyokaza na kutuliza mishipa ya fahamu, maumivu yakapungua kwa saa au siku kadhaa. Haurudishi mfupa "uliohama". Ule mlio wa kualika unaousikia ni gesi katika majimaji ya kiungo. Na mgongo ulioinamia cherehani kutwa nzima hautaponywa na dakika ishirini za mafuta. Inuka kila baada ya nusu saa, tembea kidogo. Ndoo iinue kwa kukunja magoti, ukiikaribiza mwilini. Simu ipandishe ifike usawa wa uso. Na watoto wetu wa madrasa wanaokunja shingo kusoma msahafu uliolala mapajani, wanunulieni marufaa. Fundi seremala yeyote anaweza kuichonga.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mjomba wangu alichuliwa mgongo miezi minne. Kila mchuaji alikuwa na jina lake la ugonjwa: baridi, mshipa, pingili imeteleza. Usiku alitoka jasho, nguo zikaanza kumpwaya, tukasema ni uzee. Alipopelekwa hospitali na kupigwa picha, ikaonekana ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hakuwa akikohoa, ndiyo maana hakuna aliyekifikiria. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, akazitumia, alhamdulillah akapona. Ila pingili zilikwisha kulika, na kibiongo amebaki nacho. Miezi ile minne ndiyo inayoniuma mimi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, maumivu ya mgongo yakija pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, usichuliwe, nenda hospitali. Vivyo hivyo yakianza baada ya kuanguka, hasa kwa mzee ambaye mifupa yake ni dhaifu. Mguu ukipoteza nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, usingoje asubuhi. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto, asiuguse mchuaji. Huenda ni damu iliyoganda, nayo ikichomoka hupanda mapafuni na kuua. Na usikubali mtu akuzungushe shingo kwa ghafla. Ni nadra, lakini mshipa wa damu wa shingoni huweza kuchanika na mtu akapata kiharusi.

Kuhusu usafi, mchuaji akate kucha na kunawa kwa sabuni kabla ya kila mtu. Taulo moja kwa wateja kumi ni njia ya fangasi na upele. Mafuta ya karafuu yasipakwe matupu, huunguza ngozi. Yachanganywe na ya nazi.

Limebaki suala la stara. Dada zetu wengi wanavumilia maumivu kwa sababu hospitali wanamkuta mtaalamu mwanamume. Wana haki ya kuomba mwanamke, na ni vizuri kuomba mapema, siku ya kupangiwa miadi. Akikosekana na hali ni ya dharura, wanazuoni wameeleza ruhusa ya dharura, basi asijiache akapooza. Lakini tujiulize, huyo mtaalamu mwanamke tunayemtaka atatoka wapi? Tunatumia fedha nyingi kwenye harusi ya binti, halafu tunashangaa wodini hatuna watu. Fiziotherapia inasomeshwa hapahapa nchini, KCMC kule Moshi ni pamojawapo, na njia ya kuifikia hupitia Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mwenye binti aliye kidato cha pili na anayaweza masomo hayo, azungumze naye wiki hii kabla hajachagua mchepuo.