Kampuni ya barabara hukua kwa mkopo wa nani?

Ukitaka kupima safari ya kampuni za ujenzi za Afrika Mashariki, anzia Budondo, kaskazini mwa Jinja, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Nile. Kazi kubwa tatu za uhandisi ziko jirani na wakazi wa hapo. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954 chini ya utawala wa Waingereza. Bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilizinduliwa Oktoba 2012. Lilijengwa na kampuni ya Salini kutoka Italia, na maji yake yakazamisha maporomoko ambayo watalii walikuwa wakiyafuata Budondo. Daraja jipya la Nile, lenye urefu wa mita 525, lilifunguliwa Oktoba 2018. Wajenzi wake walikuwa Zenitaka ya Japani na Hyundai ya Korea Kusini, na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo wa Japani.

Daraja hilo ndilo linalobeba lori lako likitoka Malaba au Busia kwenda Kampala, Kigali au Goma. Lakini mabwawa hayo na daraja hilo vina historia moja: kandarasi kuu ilikwenda kwa wageni. Wenyeji waliuza mchanga, kokoto, chakula na nguvu za mikono yao.

Hali imeanza kubadilika. Zipo sasa kampuni zilizokulia hapa kwetu ambazo zinachukua kandarasi kuu na kuvuka mipaka na mitambo yao. Kwa mfanyabiashara wa mpakani hiyo ni habari njema, ila ina upande wa pili. Kampuni inayokua inahitaji mtaji, na sehemu ya mtaji huo hutoka dukani kwako bila wewe kuombwa.

Kutoka Mbale hadi Beni

Mfano ulio wazi ni Dott Services, kampuni ya Uganda. Mashariki mwa nchi hiyo inajulikana kwa ukarabati wa barabara ya Tororo–Mbale–Soroti, njia inayopokea mizigo ya Malaba na kuisukuma kaskazini. Juni 2021, Rais Yoweri Museveni na Rais Félix Tshisekedi walikutana mpakani Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za kilomita 223 ndani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo: Kasindi hadi Beni, kipande cha Beni hadi Butembo, na Bunagana kupitia Rutshuru hadi Goma. Gharama ilitajwa kuwa dola milioni 334.5. Mkandarasi alikuwa Dott Services.

Jambo geni katika mradi huo lilikuwa mpango wake wa fedha. Kwa maelezo yaliyotolewa wakati ule, Uganda ingetoa asilimia 20, Congo asilimia 20, na asilimia 60 ingetafutwa na mkandarasi mwenyewe, kisha azirudishe kwa tozo za barabarani. Asilimia 60 ya fedha hizo ni kama dola milioni 200. Yaani kampuni haikuitwa kujenga tu. Iliitwa pia kukopesha.

Hatari ya mpango kama huo ilijionyesha mapema. Juni 13, 2022, waasi wa M23 waliuteka mji wa Bunagana, ambako moja ya barabara hizo inaanzia. Mwezi uliofuata Congo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hivyo nchi iliingia rasmi katika soko letu wakati mojawapo ya milango yake ya biashara iko mikononi mwa watu wenye bunduki. Kwa mkandarasi anayetegemea tozo, barabara isiyopitika ni deni lisilolipika.

Ngazi ya malipo

Si lazima ufike Beni kuiona hatari hiyo. Iko kwenye kila mradi wa barabara, hata ule wa mtaa mmoja mjini Mbale.

Mradi una ngazi zake. Juu kabisa yuko mwenye mradi, kwa kawaida serikali au halmashauri. Kando yake yuko mhandisi mshauri, anayepima kazi na kuidhinisha malipo. Anafuata mkandarasi mkuu, halafu wakandarasi wadogo. Chini kabisa wako wauzaji: wa saruji ya Tororo, wa nondo, wa dizeli, wa matairi, wa maharage ya kambini, na mwenye tipa la kukodi.

Fedha hushuka ngazi hiyo taratibu. Mikataba mingi mikubwa hufuata mfano wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Katika toleo lake la 1999 linalotumika sana, mhandisi akipokea madai ya mkandarasi ana siku 28 za kutoa cheti cha malipo, na mwenye mradi ana hadi siku 56, tangu mhandisi apokee madai hayo, kulipa. Mkandarasi naye huandika madai baada ya kazi ya mwezi mzima. Kwa hiyo aliyeleta saruji mwanzoni mwa mwezi anaweza kungoja karibu siku 90 bila mtu yeyote kuvunja mkataba.

Hapo bado hatujahesabu ucheleweshaji. Sheria ya ununuzi wa umma ya Uganda, ilivyorekebishwa mwaka 2021, inataka mtoa huduma alipwe ndani ya siku 10 za kazi tangu ankara yake ithibitishwe. Hata hivyo, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimekuwa zikihesabu madeni ya ndani ya serikali kwa matrilioni ya shilingi. Saa ya sheria huanza kugonga ankara ikishathibitishwa. Ankara iliyolala mezani haina siku.

Mkandarasi asiyelipwa ana njia mbili. Anaweza kwenda benki, ambako mkopo wa shilingi ya Uganda umekuwa ukigharimu karibu asilimia 18 hadi 20 kwa mwaka, tena kwa dhamana. Au anaweza kukuambia, "Nisubiri kidogo, cheti kinakuja." Mkopo wako hauna riba wala hati ya kiwanja. Ndiyo maana anaanza na wewe.

Tupige hesabu. Tuseme umemkopesha mkandarasi nondo za shilingi milioni 100, na katika bei hiyo faida yako ni milioni 8. Akilipa baada ya miezi sita, na wewe fedha za kununulia mzigo ulizikopa benki kwa asilimia 18, riba peke yake itakuwa zaidi ya milioni 8. Umesafirisha nondo, umelipa ushuru, umemlipa dereva, na mwishowe umefanya kazi bure. Akilipa baada ya mwaka, umemlipa yeye akuchukulie nondo.

Hii ni sababu mojawapo kubwa ya kampuni za nje kuzishinda za kwetu. Nyingi huja na mikopo nafuu ya kwao na zinaweza kungoja. Serikali zetu zimejaribu kusawazisha uwanja. Mwaka 2018 Uganda ilitenga kazi za barabara zisizozidi shilingi bilioni 45 kwa kampuni za ndani. Tanzania nayo imepandisha kiwango cha kazi za ujenzi zilizotengwa kwa wazawa hadi shilingi bilioni 50 za huko. Hatua hizo ni nzuri, lakini zinaipa kampuni kazi bila kuipa fedha za kuifanya. Kampuni iliyopewa kazi na kucheleweshewa malipo haikui. Inavimba kwa madeni ya wauzaji wake.

Usimamizi unaolijua eneo

Ukuaji mwingine hauonekani kwa mitambo. Ni wa kampuni za uhandisi na usimamizi wa ujenzi, ambazo mali yake ni watu: wapimaji, wahandisi, wakadiriaji wa gharama. Uganda, Kenya na Tanzania zilisaini makubaliano ya kutambuana wahandisi mwaka 2012, ili mhandisi aliyesajiliwa Nairobi aweze kufanya kazi Jinja bila kuanza upya.

Umuhimu wake ulionekana Mbale Julai 30, 2022, mvua kubwa ilipojaza mito ya Nabuyonga na Namatala na kuua watu zaidi ya 20, huku barabara na maduka vikizama. Maji ya mlima Elgon hayashuki kama ya tambarare. Anayechora kalvati anapaswa kuujua mlima huo, na anayesimamia awe na nguvu ya kukataa kalvati nyembamba. Kampuni ya usimamizi inayobaki hapa baada ya mradi kwisha itaulizwa maswali mvua ikinyesha tena. Iliyokwisha kupanda ndege haiulizwi.

Deni likihamia kwa mtumiaji

Mkandarasi au mwekezaji akikopesha serikali, mwisho wa siku kuna anayelipa. Budondo wanalijua hilo kupitia Bujagali. Bwawa lilijengwa kwa mkataba wa miaka 30 ambao unamrudishia mwekezaji gharama zake kupitia bei ya umeme. Mwaka 2018 mikopo yake ilibidi ipangwe upya, na lengo lililotajwa lilikuwa kupunguza bei hiyo.

Kenya nayo ilipandisha tozo ya matengenezo ya barabara hadi shilingi 25 kwa lita ya mafuta mwaka 2024. Mwaka 2025 ikaweka rehani shilingi 7 kati ya hizo ili kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai. Kwa hiyo lori linalojaza dizeli Bungoma leo linalipia barabara iliyojengwa zamani kwingine. Kasindi na Bunagana, mpango ulikuwa wa tozo za moja kwa moja.

Tozo si mbaya yenyewe. Barabara nzuri inaokoa springi, matairi, siku za njiani na nyanya zinazooza. Lakini mlipaji ana haki ya kujua kabla: kiwango ni kipi, kitadumu miaka mingapi, nani anashika fedha, na itakwisha siku gani. Asiyeambiwa mwisho wa tozo ajue haina mwisho.

La kufanya

Kwanza, jua uko ngazi ya ngapi. Kumuuzia mkandarasi mkuu si sawa na kumuuzia mkandarasi mdogo wa mkandarasi mdogo. Kila ngazi inayoongezeka ni miezi inayoongezeka.

Pili, usipakie mzigo kwa simu tu. Pata agizo la maandishi lenye jina la mradi, siku za malipo na riba ya kuchelewa. Kila mzigo ukifika, hati yake isainiwe na mtunza ghala wa eneo la kazi.

Tatu, uliza kuhusu malipo ya awali. Kwenye miradi mingi mkandarasi mkuu hupewa sehemu ya fedha kabla ya kazi kuanza, akiweka dhamana ya benki. Fedha hizo ni za kuanzishia kazi, na nondo zako ni sehemu ya kuanza.

Nne, msidai mmoja mmoja. Vyama vya wafanyabiashara vya Busia, Malaba na Mbale vina jambo moja la kuzitaka serikali: kila cheti cha malipo cha mradi wa umma kitangazwe, pamoja na tarehe kilipotolewa na tarehe kilipolipwa. Mikataba ya FIDIC tayari inamruhusu mhandisi kudai ushahidi kwamba wakandarasi wadogo walioteuliwa na mwenye mradi wamelipwa, kabla hajatoa cheti kinachofuata. Kulipanua sharti hilo liwafikie wauzaji ni suala la kuandika kifungu kimoja kwenye zabuni.

Kampuni kubwa za ujenzi za kwetu tunazihitaji. Tunahitaji siku moja daraja kama lile la Jinja liwe na jina la kampuni ya Mbale, Kisumu au Mwanza. Lakini zikue kwa fedha za benki na za serikali inayolipa, zisikue kwa kunyonya mtaji wa mwenye duka la vifaa.

Mpaka hapo, kabla hujapakia lori linalofuata, muulize mkandarasi swali moja: cheti chako cha mwisho kililipwa lini? Anayelipwa vizuri atakujibu kwa tarehe.