Kabla hujamwita mtoto mkaidi

Katika Injili ya Marko sura ya 7 watu wanamletea Yesu kiziwi mwenye utasi. Sisi tukiisoma tunakimbilia neno "Efatha". Tazama kilichotangulia: Yesu alimtenga na umati, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi. Alianza na mikono. Mtu yule hakusikia, lakini aliona.

Sasa twende darasani. Mwaka 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne, na watoto wamejaa madarasani. Jambo jema hilo. Lakini mwalimu anaeleza somo huku anaandika ubaoni, mgongo umewaelekea wanafunzi. Mtoto asiyesikia vizuri, aliyekuwa akifuata midomo yake, hapo somo limemwishia. Akichungulia daftari la jirani, anaadhibiwa kwa kunakili. Akiitwa kutoka nyuma asiitike, anaitwa mkaidi. Wengi wa watoto hawa si viziwi kabisa, wanasikia nusunusu, na ndiyo maana hawagunduliki.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuilika. Surua, homa ya uti wa mgongo, usaha sikioni. Huo usaha ndio tunaoumwagia mafuta vuguvugu nyumbani tukisubiri ukauke wenyewe!

Kwa aliye kiziwi kabisa, dawati la mbele halitoshi. Anahitaji lugha ya alama, na aipate mapema. Kanisa lina historia hapa: shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Wakatoliki mwaka 1963. Karne mbili kabla yake, huko Paris, Padri Charles-Michel de l'Épée alijifunza ishara kwa viziwi wenyewe ndipo akawafundisha. Ila tuseme na upande wa pili. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi mjini Milan, mwenyekiti wake akiwa padri, Giulio Tarra, uliamua wafundishwe kwa kinywa, ishara ziachwe. Kwa miongo mingi watoto walizuiwa kutumia mikono yao. Hata leo wapo wazazi wanaomkataza mtoto "kupungapunga mikono" mbele ya wageni.

Na parokiani je? Mtoto kiziwi anaahirishiwa Komunyo ya Kwanza mwaka hadi mwaka kwa kuwa eti hajui kujibu maswali. Aliulizwa kwa lugha gani?

Mzazi, shule zikifunguliwa nenda kamwone mwalimu wa darasa, muulize mtoto wako anakaa wapi na anaitikaje akiitwa. Nanyi wanajumuiya mnaochangia sare za kwaya bila kuchoka, mnaweza pia kuchangia nauli ya mtoto mmoja kwenda kupimwa masikio hospitali ya mkoa. Akipewa kifaa cha kumsaidia kusikia, kumbukeni na betri. Zinaisha upesi, na kifaa kisicho na betri huishia kabatini.