Kadi Isiyo na Feni Si Kadi Isiyohitaji Upepo

Katika soko la vifaa vya mtumba imo kadi moja ya michoro inayowavutia sana walimu na wanafunzi wa vyuo wanaojishughulisha na akili mnemba. Kadi hiyo ni Tesla P40, ambayo kampuni ya NVIDIA ya Marekani iliitoa mwaka 2016 kwa ajili ya vituo vikubwa vya data. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 24, na bei yake ya mtumba ni ndogo ikilinganishwa na ya kadi mpya yenye kumbukumbu ya kiasi hicho. Tena haina feni hata moja. Anayeiona kwa mara ya kwanza huona kasha refu lenye mapezi ya chuma ndani yake, lisilo na kitu kinachozunguka wala kupiga kelele, naye hudhani amepata nguvu na ukimya kwa bei moja.

Dhana hiyo ni ya hatari. Kadi hii inapofanya kazi kwa nguvu zake zote hutumia wati 250 za umeme, na karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto. Haikupewa feni kwa sababu feni zake zimo katika seva iliyokusudiwa. Humo, safu ya feni zenye nguvu husukuma hewa kutoka mbele kwenda nyuma na kuilazimisha kupita katikati ya mapezi ya kadi. Kadi hiyo hiyo ikitiwa katika kompyuta ya kawaida ya mezani, hewa iliyo kati ya mapezi hutuama kama maji ya dimbwi. Baada ya muda mfupi chipu huanza kupunguza kasi yake yenyewe ili kujinusuru, na joto likizidi kupanda hujizima. Mwenye kadi humlaumu muuzaji, ilhali kadi haina ubovu wowote. Kilichokosekana ni upepo.

Kosa hili haliwapati wanunuzi wa P40 peke yao. Limeenea miongoni mwa wapenzi wa kompyuta wanaotaka kuziondoa feni katika kadi zao zenye nguvu na kuweka bamba kubwa la chuma, au kujiundia mitambo ya maji, kwa imani kwamba chuma au maji yatalimeza joto. Yapasa isemwe wazi kwamba joto halimezwi. Huhamishwa tu kutoka mahali pamoja hadi pengine, na anayetaka kuiondoa feni hana budi kueleza kwanza ni kitu gani kitakachoifanya kazi yake.

SAFARI YA JOTO

Joto linalotoka katika chipu husafiri kwa hatua. Kwanza hupita katika utando mwembamba wa grisi iliyopakwa juu ya chipu, kisha huingia katika shaba na kuenea. Katika kadi nyingi za leo hubebwa zaidi na mirija ya joto, kifaa ambacho George Grover alikiunda katika maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1963. Ndani ya mrija uliozibwa mna kimiminiko kidogo. Upande wa moto kimiminiko hicho hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa baridi na kuliacha joto lake huko, kisha kimiminiko hurudi kwa kufyonzwa na utambi uliotandazwa kwenye kuta za mrija.

Hatua hizo zote hazina shida kubwa. Shaba hupitisha joto vizuri mno, yapata wati 400 kwa kila mita na kila digrii, na alumini yapata 237. Ugumu uko katika hatua ya mwisho, pale chuma kinapoikabidhi hewa joto hilo, kwa maana hewa iliyotulia hupitisha wati 0.026 tu kwa kipimo hicho hicho. Hewa ni blanketi kabla ya kuwa feni.

Mfano utalifafanua jambo hili. Kadi ya GeForce RTX 4090, iliyotolewa mwaka 2022, imekadiriwa kutumia wati 450. Ichukuliwe kwamba mapezi yake yanaruhusiwa kuwa na joto la digrii 40 zaidi ya hewa inayoyazunguka. Hewa inayopanda yenyewe kwa kupata joto, bila kusukumwa, huchukua takriban wati 5 kwa kila mita ya mraba na kila digrii. Kwa hesabu hiyo yatahitajika mapezi yenye eneo la mita za mraba 2.25, nalo ni eneo kubwa kuliko mlango wa nyumba. Tena mapezi hayo hayana budi kuachana vya kutosha na kusimama wima, kwa sababu yakibanana au yakilazwa, hewa haitapanda. Feni ikiwashwa, eneo lile lile huweza kutoa joto mara tano hadi mara kumi zaidi, na ndiyo maana bamba linaloshikika kwa mikono miwili hufanya kazi ya mlango mzima.

PALE FENI ISIPOHITAJIKA

Haya hayasemwi kwa nia ya kuudharau upozaji usiotumia feni. Feni ni kifaa kinachochakaa. Huvuta vumbi, na katika miji ya pwani huvuta pia hewa yenye chumvi. Katika studio ya redio, katika maktaba au katika chumba cha wagonjwa, ukimya una thamani yake, na hapana sababu ya kuweka feni mahali ambapo haihitajiki. Kwa kadi ndogo jambo hilo lawezekana kabisa. Mwaka 2019 kampuni ya Palit ilitoa kadi ya GeForce GTX 1650 KalmX isiyo na feni, inayotumia wati 75, nacho ndicho kiasi ambacho tundu la kadi kwenye ubao wa kompyuta huweza kukitoa bila waya wa ziada. Kwa kadi ya namna hiyo, mapezi mapana, nafasi ya hewa chini na juu, na sanduku lenye matundu ya kutosha, vyatosheleza.

Lakini kadi zenye nguvu zimeliacha mbali kundi hilo. GeForce GTX 1080 ya mwaka 2016 ilikadiriwa wati 180. RTX 4090 ya mwaka 2022 ilifika wati 450, na RTX 5090 ya mwaka 2025 ikafika 575. Kiasi hicho ni zaidi ya nusu ya pasi ya umeme ya wati 1,000, nacho hutoka katika kipande cha silikoni chenye upana wa sentimita chache. Aliyefaulu kupoza kadi ya wati 75 bila feni asidhani kwamba ujuzi wake utamvusha hadi kwenye wati 575 kwa kuongeza mapezi mawili matatu. Joto hilo ni karibu mara nane ya lile alilolizoea.

UFUNDI WA KUJIUNDIA

Ikiwa kadi yenye nguvu yahitaji upepo, lipo swali la namna ya kuupeleka, na hapo ndipo ufundi wa mikono una nafasi kubwa. Kwa mwenye Tesla P40 dawa si bamba jipya. Dawa ni mfereji wa hewa, uliokunjwa kwa bati jembamba au kuundwa kwa plastiki, wenye feni upande mmoja na kufunga barabara kwenye mdomo wa kadi upande wa pili. Mita moja ya ujazo ya hewa hubeba takriban kilojuli 1.2 kwa kila digrii inayopanda. Ili kuondoa wati 250 huku hewa ikiongezeka joto kwa digrii 10, yahitajika yapata lita 21 za hewa kila sekunde, na zote zipite ndani ya mapezi. Feni iliyosimamishwa karibu na kadi bila mfereji haitoshi, kwa kuwa hewa hufuata njia rahisi na kupita pembeni. Fundi bati wa mtaani akipewa vipimo sahihi aweza kuifanya kazi hiyo.

Anayetaka utulivu achague feni kubwa inayozunguka polepole. Umeme unaohitajiwa na feni hufuata mchemraba wa kasi yake, yaani kasi ikipunguzwa nusu, umeme hushuka hadi sehemu moja ya nane, na kelele nayo hupungua sana. Ukimya wa namna hii hupatikana bila kuhatarisha kadi.

Kamba hukatikia pabovu. Wengi wanaobadilisha vipozaji huishughulikia chipu peke yake na kusahau kwamba kumbukumbu na virekebisha volteji vilivyoizunguka navyo hutoa joto. Kipimo cha chipu kikaonyesha digrii 60 na mwenye kadi akaridhika, huku kumbukumbu ikiungua kando yake. Kipozaji cha kujiundia kisichogusa sehemu hizo, au kisichopeleka hewa juu yake, ni kibaya kuliko kile kilichotoka kiwandani.

Maji nayo yana sifa zake. Lita moja ya maji hubeba kilojuli 4.2 kwa kila digrii, na ujazo kwa ujazo maji hubeba joto yapata mara 3,500 kuliko hewa. Wati 450 zaweza kuchukuliwa na lita 0.64 tu za maji kwa dakika, yakipanda joto kwa digrii 10. Lakini maji hayo hupeleka joto wapi? Huipelekea rejeta, na rejeta huipelekea hewa kwa msaada wa feni. Mtambo wa maji haujaiondoa feni. Umeihamisha, na juu yake umeongeza pampu, mipira, viungo na hatari ya kuvuja juu ya umeme. Mahali ambapo vipuri ni adimu, pampu iliyokufa humaanisha kazi iliyosimama.

Zaidi ya hayo, ushauri uliotungwa kwa ajili ya chumba cha digrii 20 haufai kuchukuliwa mzima mzima mjini Dar es Salaam, ambako mchana wa Februari hufika digrii 32. Ikiwa chipu haitakiwi kuvuka digrii 85, chumba cha kwanza huacha nafasi ya digrii 65, na cha pili digrii 53. Kipozaji kile kile kitaondoa joto pungufu kwa takriban asilimia 18. Na chumba chenyewe hupata moto. Chumba chenye mita za ujazo 36, kikifungwa kabisa na kuta zake zisichukue chochote, hupanda digrii moja kwa dakika moja na nusu hivi kwa wati 450 peke yake. Dirisha lililofunguliwa ni sehemu ya kipozaji.

KUPUNGUZA KABLA YA KUPOZA

Iko njia ambayo wengi huiruka kwa sababu haina chuma cha kununua wala kitu cha kuonyesha marafiki. Njia hiyo ni kupunguza joto pale linapozaliwa. Sehemu kubwa ya umeme wa chipu hufuata kasi yake ikizidishwa kwa mraba wa volteji. Kasi ikishushwa kwa asilimia 10, na volteji ikashushwa kwa asilimia 10, sehemu hiyo ya umeme hupungua kwa asilimia 27. Mwenye kadi hupoteza sehemu moja ya kumi ya kasi, na hupata nafuu ya zaidi ya robo ya joto. Kwa kadi za NVIDIA ipo programu iitwayo nvidia-smi, ambayo katika kadi nyingi humwezesha msimamizi wa kompyuta kuweka kikomo cha wati kwa amri moja, bila gharama yoyote. Kazi ya utafiti inayochukua saa 10 ikichukua saa 11, hapana aliyeumia. Kadi ikizimika katikati ya saa ya tisa kabla matokeo hayajahifadhiwa, saa zote zimepotea.

Kwa hiyo utaratibu wa busara ni huu: kwanza kikomo cha wati kiwekwe; pili njia ya hewa isafishwe na kufunguliwa, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na vumbi la miezi sita ni ufa; tatu yatafutwe mapezi mapana na feni kubwa ya polepole; maji yaje mwisho, kwa mwenye vipuri na mtu wa kuyaangalia. Upozaji usio na feni uachiwe kadi ndogo zinazoustahili.

Vyuo na idara zinazonunua kadi hizi kwa fedha za shida zina wajibu katika jambo hili. Si haki kuandika katika hati ya manunuzi jina la kadi na ukubwa wa kumbukumbu, kisha mwanafunzi akaachiwa kugundua mwenyewe kwamba kadi haipumui. Hati hiyo iseme kadi inatoa wati ngapi, hewa itaingia wapi na kutoka wapi, na chumba kina joto gani saa nane mchana. Asiyeweza kuyajibu hayo bado hajawa tayari kununua.